Mtu Yuko Majini

Kichwa cha mtu mzima anayeelea baharini au ziwani hakizidi ukubwa wa dafu. Hata akiwa amevaa jaketi okozi la rangi kali, sehemu kubwa ya jaketi hilo imezama au iko sawa na uso wa maji, na kinachobaki juu ni sentimita 25 au 30 za uso na nywele zilizolowa. Upepo ukivuma kidogo tu na kuinua viwimbi vya nusu mita, kichwa hicho huonekana na kupotea, kikaonekana tena na kupotea. Kwa mtu aliyesimama gatini akitazama kwa utulivu, si kazi kubwa kukitafuta mpaka akione. Kwa mtu aliyeshika usukani wa boti inayokimbia kilomita 50 kwa saa, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila sekunde moja inayopita boti yake imekwisha kula mita 14, na mita 100 humalizika kwa sekunde kama saba. Hapo ndipo inapoanzia hoja ya bendera ndogo ya rangi ya chungwa ambayo sheria za majimbo kadhaa ya Marekani zinataka iinuliwe kila mtu anayevutwa na boti anapokuwa majini. Wengi huiona kuwa pambo au usumbufu wa maofisa. Mimi naiona kuwa miongoni mwa vifaa vya usalama vyenye akili nyingi zaidi kuwahi kubuniwa kwa gharama ndogo, ilimradi itumike kwa maana moja na ishikwe na mtu aliye macho.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa wasioufahamu. Boti yenye injini hufungwa kamba ndefu, aghalabu ya mita 18 hadi 23, yenye kishikio mwishoni. Mtelezaji huanza akiwa ndani ya maji, mbao mbili zimefungwa miguuni au ubao mmoja mpana, na boti inapoongeza moto humwinua mpaka akasimama na kuteleza juu ya maji. Aliyeanzisha mchezo huu ni kijana wa Minnesota aitwaye Ralph Samuelson, ambaye mwaka 1922, akiwa na miaka 18, alifanikiwa kusimama juu ya mbao alizozipinda ncha mwenyewe huku kaka yake Ben akimvuta katika Ziwa Pepin, pale Mto Mississippi unapopanuka kati ya Minnesota na Wisconsin. Siku ile ajabu ilikuwa mtu kusimama juu ya maji, na hatari ya boti nyingine kupita nyuma yake ilikuwa ndogo mno. Leo, mwishoni mwa wiki wakati wa joto, mabwawa makubwa ya Marekani kama Lake Mead, Lake Powell na Lake Havasu hujaa boti za kila aina, nyingine zikivuta watelezaji, nyingine zikivuta watoto juu ya maputo ya kuelea, nyingine zikienda tu. Mchezo umebaki uleule, lakini maji yamejaa watu.

Msingi wa sheria ni rahisi. Jimbo la Washington linataka boti inayovuta mtu iwe na mwangalizi mbali na nahodha, na mwangalizi huyo ainue bendera mara tu mtu anayevutwa anapoanguka, na vilevile wakati mtu huyo yuko majini akijiandaa kuanza. Bendera yenyewe lazima iwe nyekundu ya kung'aa au rangi ya chungwa iliyokolea, isipungue inchi 12 kila upande, yaani kama sentimita 30, ifungwe kwenye mti usiopungua inchi 24, na ionekane kutoka kila upande. Utah nayo inadai bendera ya chungwa ya ukubwa huohuo wakati mtu yuko majini ama akingoja kuvutwa ama amekwisha kuvutwa. California inakubali nyekundu au chungwa, ila imeipa bendera maana nne: mtelezaji ameanguka, mtelezaji yuko majini anajiandaa, kamba ya kuvutia imetandazwa nje ya boti, au ubao wa kutelezea unaelea karibu na boti. Tofauti hiyo kati ya maana moja na maana nne inaonekana ndogo kwenye karatasi. Nitairudia, kwa sababu ndipo kiini cha suala lote kilipo.

Mtu anapoanguka, mambo mengi hutokea ndani ya dakika moja au mbili. Boti iliyokuwa ikimvuta bado ina kasi, kwa hiyo inamwacha mbali kidogo kabla nahodha hajapunguza moto. Kisha nahodha anageuza polepole, anarudi, anajitahidi kumweka mtelezaji upande wa usukani ili asimpoteze machoni, na akimkaribia anazima injini kabisa. Wakati wote huo kamba inaelea juu ya maji, kwa kuwa hutengenezwa kwa plastiki nyepesi isiyozama, tayari kunaswa na propela ya boti yoyote itakayoipitia. Na mtelezaji yuko peke yake. Boti yake iko mita kadhaa kutoka alipo, na mtu wa mbali anapoitazama haoni chochote cha kumtia wasiwasi: anaona boti inayogeuka taratibu, kama boti ya mvuvi anayetafuta mahali pazuri pa kutia nanga. Hajui kwamba nusu ya habari iko majini, mbali na boti. Zaidi ya hapo, boti ya kasi inapoanza kuondoka huinua omo yake juu kabla ya kulala sawa juu ya maji, na kwa sekunde hizo chache nahodha huona mbingu na ncha ya boti yake, si maji yaliyo mbele. Jua la asubuhi au la alasiri likiwa limelala chini, njia nzima ya maji mbele yake hugeuka kioo kinachomeremeta. Hata nahodha mwangalifu ana vipindi ambavyo hawezi kuona dafu likielea.

Wanaopinga bendera huanza hapo hapo na kusema: basi tumsisitize mwangalizi, tufunge na kioo kikubwa cha kutazamia nyuma, yatosha. Ni kweli kwamba sehemu nyingi za Marekani zinaridhika na mwangalizi au kioo, na Canada inadai mtu wa pili botini pamoja na nafasi ya kumkalisha anayevutwa. Mwangalizi ni wa lazima. Bila yeye nahodha angelazimika kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Lakini tazama mwangalizi na kioo vinamhudumia nani. Vinaihudumia boti inayovuta. Vinamwambia nahodha wa boti hiyo kwamba mtu wake ameanguka. Nahodha wa boti ya pili, anayetokea nyuma ya kisiwa au anayefuata mkondo uleule, haambiwi chochote na kioo cha mwenzake. Na wa kuogopwa zaidi ni huyo wa pili, maana wa kwanza anajua mtu yupo. Kati ya wawili hao hakuna simu, na sauti haifiki kwa sababu ya ngurumo za injini. Kinachoweza kuvuka maji baina yao kwa wakati unaofaa ni kitu cha kuonekana kwa macho, nacho lazima kiwe juu ya uso wa maji kwa kimo cha kutosha kisifichwe na wimbi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine. Ripoti za kila mwaka za Walinzi wa Pwani wa Marekani kuhusu ajali za boti za starehe zimekuwa zikitaja, miongoni mwa sababu kuu, nahodha kutokuwa makini na kutoweka mtu wa kutazama mbele ipasavyo. Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki: ikiwa tatizo ni nahodha asiyetazama, bendera itamsaidia nini? Asiyetazama haoni kichwa, na bendera haoni pia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama umakini wa binadamu ungekuwa kama taa, imewaka au imezimwa. Sivyo ulivyo. Karibu kila nahodha anayeitwa mzembe hutupa jicho mbele kila baada ya muda. Anaongea na abiria, anatazama mbele, anageuka kumjibu mtoto, anatazama mbele tena. Suala ni kile ambacho mtupo mmoja wa jicho, wa sekunde moja tu, unaweza kukikamata. Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: kitambaa cha sentimita 30 hakikizidi sana kichwa cha mtu kwa ukubwa. Kwa hiyo si ukubwa unaofanya kazi. Kazi inafanywa na kimo, kwani bendera iliyoinuliwa na mtu aliyesimama botini iko mita mbili au zaidi juu ya maji na hakuna kiwimbi cha ziwani kitakachoifunika. Inafanywa na rangi, kwani maji, mawingu, miamba na miti havina chungwa linalong'aa. Na zaidi ya vyote inafanywa na mwendo. Pembe za jicho letu haziwezi kusoma wala kutambua sura, ila hunasa haraka kitu kinachosogea. Bendera inayoinuka ghafla na kupepea humvuta hata mtu aliyekuwa akitazama pembeni, na akishageuza uso anajua atafute nini. Jicho linaloambiwa kwamba kuna mtu humwona upesi kuliko jicho lisiloambiwa.

Ndiyo maana nasema bendera ni neno, na neno hili linapaswa kuwa na maana moja: mtu yuko majini. Maana nne za California zina sababu zake. Kamba inayoelea ni hatari ya kweli, na ubao uliochopoka mguuni unaweza kugongwa. Lakini kamba hutandazwa nyuma ya boti hata mtelezaji akiwa amesimama imara na kuteleza vizuri, na ikiwa kamba kuwa nje yatosha kuinua bendera, basi bendera inaweza kupepea mchana kutwa tangu boti inapoondoka gatini mpaka inaporudi. Kuna wanaoichomeka kwenye kishimo cha mlingoti wa kuvutia na kuiacha humo. Boti kumi zikifanya hivyo katika ziwa moja, nahodha wa boti ya kumi na moja hujifunza ndani ya nusu saa kwamba bendera haina habari yoyote, na siku inapokuwa na habari hataisikiliza. Sheria ya Washington, kwa kuifunga bendera kwenye mkono wa mwangalizi na kwenye dakika zile mtu anapokuwa majini, inalinda thamani ya ishara yenyewe. Kushushwa kwake ni sehemu ya maana yake sawa na kuinuliwa kwake. Wanaojua muezini anavyoheshimiwa wataelewa: adhana ingesikika saa ishirini na nne bila kukoma, nani angejua wakati wa swala umeingia?

Hapo pia ndipo panapojibiwa wale wanaosema bendera zimekuwa nyingi mno majini. Ni kweli kuna bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, inayotumika Amerika ya Kaskazini kuonyesha kuna mzamiaji chini ya maji, na ipo ile ya kimataifa ya buluu na nyeupe, herufi A, inayosema nina mzamiaji, kaa mbali na upite polepole. Katika fukwe nyingi bendera nyekundu humkataza mtu kuogelea. Mgeni anaweza kuchanganyikiwa. Ila tazama bendera mbili za kwanza zinasema nini: kuna mwili wa binadamu mahali usipouona, punguza mwendo. Bendera ya mtelezaji inasema hilohilo. Nahodha aliyezichanganya akapunguza moto na kujitenga amefanya jambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na hakuna aliyeumia. Hatari ingekuwepo kama ishara mbili zinazofanana zingeamuru mambo yanayopingana.

Wapo wanaopendelea ishara za mtelezaji mwenyewe. Ni desturi nzuri, na kila anayeanza hufundishwa: ukianguka salama unga mikono juu ya kichwa ili walio botini wajue uko mzima, kisha inua ubao mmoja wima kutoka majini ili boti nyingine zikuone. Ubao uliosimama hivyo ni mlingoti mdogo, na unaonekana vizuri kuliko kichwa. Shida ni kwamba ishara hii inategemea mtu mzima wa afya. Aliyepigwa kifuani na maji kwa kasi ile hadi pumzi ikamkata, aliyeteguka bega au kupoteza fahamu, ndiye anayehitaji kuonekana kuliko wote, na ndiye asiyeweza kuinua chochote. Anayevutwa juu ya ubao mpana miguu yote miwili ikiwa imefungwa naye si rahisi kuuinua ubao wima kama mwenye mbao mbili. Bendera humsemea aliyenyamaza.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali kwa sehemu. Ikiwa boti zenye mtu majini huinua bendera, je, manahodha hawataanza kudhani kwamba pasipo na bendera hapana mtu? Hilo linaweza kutokea, na ndiyo sababu bendera haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya kutazama. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote, wala hazimpi anayevuta mtelezaji haki ya kupishwa na wengine kwa kuwa tu anavuta. Bendera haimfungii mtu eneo la maji liwe lake. Anayedhani ameinua kitambaa basi amejenga ukuta amekosea, na nahodha wa boti inayovuta bado ana wajibu wa kuchagua mahali penye nafasi, mbali na njia kuu na mbali na waogeleaji. Lakini tuangalie mfano wa nchi kavu. Dereva asiyewasha taa ya kukata kona humdanganya anayemfuata, na hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba taa hizo ziondolewe kwa sababu baadhi ya madereva husahau kuziwasha. Tunawadai waziwashe.

Kuhusu rangi, ushauri wangu ni chungwa linalong'aa kuliko nyekundu, hata pale sheria inaporuhusu zote mbili. Giza linapoanza kuingia, nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kufa machoni. Kitambaa kilichokuwa kikiwaka saa kumi jioni huonekana cheusi baada ya magharibi, ilhali Washington inaruhusu kuvuta watelezaji mpaka saa moja baada ya jua kuzama. Tena kuna wanaume wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, kiasi cha 1 kati ya 12 miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, na nyekundu iliyokolea mbele ya miti ya ufukweni inaweza kuwapotea kabisa. Mwangalizi anayeitikisa bendera badala ya kuishika imetulia huwasaidia hao kuliko rangi yoyote.

Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuona haya kuwa mambo ya mbali. Hayako mbali sana. Katika fukwe za hoteli, kutoka Pwani ya Kenya hadi Unguja, boti huvuta watalii juu ya mbao na juu ya maputo, katika maji yaleyale yanayopitwa na ngalawa za wavuvi, waogeleaji na watazama matumbawe. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kilichozama kinahitaji alama iliyo juu. Ndiyo maana huchomeka kibendera juu ya boya la nyavu zao ili boti zisizikate. Nyavu zikipewa kibendera, mtoto wa mtu aliyeanguka kutoka kwenye puto hawezi kupewa pungufu. Hatuhitaji kungoja sheria iandikwe. Mwenye boti anaweza kununua kitambaa cha chungwa, akakishona kwenye mti wa sentimita 60 au zaidi, akamwonyesha kijana wake wa kazi jinsi ya kukitumia, yote kabla ya mgeni wa kwanza kushuka ufukweni. Na Wakenya wengi wanaoishi Minnesota na pembezoni mwa Seattle, wanaoalikwa ziwani na majirani zao wakati wa joto, ndio mara nyingi watakaokabidhiwa kazi ya mwangalizi, kwa kuwa mgeni asiyejua kuteleza ndiye huachiwa kiti cha kutazama nyuma.

Kazi hiyo haipaswi kudharauliwa. California inaruhusu mwangalizi awe na umri wa miaka 12, na mtoto makini wa miaka 12 anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mzima anayechezea simu. Anakaa akielekea tezi, bendera mkononi au chini ya paja lake, si ndani ya sanduku lenye nanga na kamba zilizosokotana. Mtelezaji anapoanguka, sauti na mkono vinakwenda pamoja: anamwambia nahodha, na kitambaa kiko juu kabla boti haijageuka. Anakishikilia hapo nahodha anaporudi, anapozima injini, mtelezaji anapopanda ngazi ya nyuma au anapokamata tena kishikio na kungoja. Anaendelea kukishikilia kamba inapokaza, mgongo wa mtelezaji unapotoka majini, magoti yanaponyooka. Akisimama sawasawa, bendera inashuka, na macho ya mwangalizi yanabaki nyuma.